Mama Brashi na Jiwe la Mshairi

Mama Brashi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na hospitali haikuweza kumtibu kwa sababu hospitali ndiyo iliyomwambukiza. Hakuweza kupita penye doa akaliacha. Alianza kazi ya usafi kwenye wodi ya upasuaji akiwa msichana mwembamba anayeogopa damu, akakabidhiwa kwa matroni mfupi mwenye sauti ya king'ora, na matroni huyo hakuwa na mchezo. Alikuwa akipitisha kidole nyuma ya mlango, juu ya fremu ya dirisha, chini ya kitanda, mahali ambapo hata mende anasita kuingia. Kidole kikitoka na vumbi, wodi nzima ilimsikia. "Doa la leo ni mgonjwa wa kesho!" Yule msichana akaamini. Akasugua kwa imani hiyo mpaka nywele zikaingia mvi, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika kabisa. Hakujaliwa mtoto, na mume alifariki mapema, lakini wagonjwa kwa manesi walimwita Mama Brashi, naye akaitika.

Siku aliyostaafu wakampa keki na khanga, wakachukua ufunguo wa chumba cha wafanyakazi alimokuwa akiishi. Hivyo ndivyo dunia inavyoaga watu wake. Akahamia kwa mdogo wake wa kiume, akapewa godoro sebuleni, nyuma ya kochi.

Sasa, wifi yake hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Lakini waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakumjua Mama Brashi. Huyu jembe alijichukulia mwenyewe tangu asubuhi ya kwanza. Alikwangua masizi ya sufuria mpaka zikafanana na vioo. Alisugua sinki, swichi za taa, miguu ya viti. Wifi akirudi kutoka kazini anakuta hata sabuni imeoshwa! Akavumilia, akacheka, akawasimulia mashoga zake. Mpaka siku ile Mama Brashi alipofika kwenye mlango wa chumba cha watoto.

Kwenye fremu ya mlango ule kulikuwa na mistari ya penseli, imepangana kwenda juu, na pembeni ya kila mstari tarehe. Mama Brashi aliona uchafu wa watoto. Akachukua kitambaa na sabuni, na kwa muda mfupi fremu ikawa nyeupe pepepe. Jioni wifi akasimama pale mlangoni na mkoba wake bado begani, akaanza kulia. Ndipo Mama Brashi alipojua kwamba ile mistari ilikuwa urefu wa watoto, mwaka baada ya mwaka, tangu wa kwanza alipoweza kusimama.

"Wifi, ungeniambia," alisema.

"Nikuambie nini, dada? Kila mtu anajua!"

Na huo ndio ubaya wa jambo linalojulikana na wote, halina wa kulisema. Hakuna aliyemfukuza. Lakini toka siku ile mdogo wake akaanza kuuliza huku na huko kama kuna kazi yenye chumba, na haikupita muda kazi ikapatikana kwenye kanisa kongwe la katikati ya jiji.

Kanisa lenyewe lilikuwa limebanwa kati ya benki na jengo la ofisi za mawakili, na nyuma yake palikuwa na makaburi ya zamani yaliyozungushiwa ukuta wa mawe. Humo walilala watu wa enzi zilizopita: nahodha wa meli na wake zake wawili waliofuatana, mpiga kinanda, mchapishaji wa gazeti la kwanza la mji, daktari aliyekufa kwa tauni aliyokuwa akiitibu. Hakuzikwa mtu mpya pale siku nyingi. Waliokuja walikuja kutazama: wanafunzi, walimu wao, wasafiri wenye kamera, wachumba waliokosa pa kukaa. Kazi ya Mama Brashi ilikuwa kufagia, kuosha mawe na kufungua geti. Na pembeni ya geti palikuwa na chumba. Kidogo, ndiyo, ukinyoosha mikono unagusa kuta. Lakini kilikuwa na dirisha, kitanda, jiko dogo na mlango unaofungwa kwa ndani. Usiku wa kwanza Mama Brashi aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Akakaa kitandani akacheka peke yake. Maisha yake yote alilala vyumba vya watu.

Mwenzake wa kazi alikuwa mchimba kaburi wa zamani, ambaye sasa alichimba vitalu vya maua tu. Walimwita Kijiko, kwa jinsi alivyochimba taratibu, ungedhani anatumia kijiko. Mwenyewe hakuona aibu. "Wateja wangu hawana haraka," alikuwa akisema.

Kaburi lililotembelewa kuliko yote lilikuwa la mwanamke mmoja mshairi. Jiwe lake lilikuwa pana, la marumaru, limelazwa chini ya mti wa maua ya zambarau. Mama Brashi alijua kwamba ni la mtu mkubwa kwa sababu majani ya pale yalikanyagwa mpaka yakaisha. Mashairi yenyewe hakuwahi kuyasoma, nani alikuwa na nafasi ya mashairi wodini? Alichokiona yeye ni kwamba jiwe la mama wa watu lilikuwa limechorwa kila mahali. Penseli, mkaa, wino wa buluu, wino mweusi mnene, maneno juu ya maneno, mpaka huwezi kusema jiwe ni la rangi gani. Lakini yeye aliosha mawe kwa mpangilio kuanzia getini, na zamu ya lile ilikuwa haijafika. Aliingia kazini wakati wa mvua, wageni wakiwa wachache, na yule mmoja aliyemkuta amepiga magoti na kalamu mkononi, mwanafunzi mrefu mwenye miwani, alimtimua kwa ufagio mpaka barabarani. Kijiko aliona, akacheka hadi akajishika mbavu. Alidhani bibi anafanya utani.

Kisha ikaja habari kwamba binti wa mshairi, aliyekuwa akiishi nchi ya mbali, angekuja Jumamosi kuzuru kaburi la mama yake, na watu wa makumbusho wangefuatana naye. Katibu wa kanisa, mwanamume mwenye tai siku zote na jasho siku zote, akaja mbio kwenye kile chumba cha getini.

"Mama Brashi, nataka pang'ae. Unanisikia? Hasa pale kwa mshairi. Nataka mgeni akiinama ajione uso wake!"

Ee Mungu wangu! Kumwambia Mama Brashi maneno kama hayo ni kumwagia moto mafuta ya taa.

Alianza Alhamisi asubuhi. Kijiko alikuwa ameomba ruhusa kwenda msibani, akiaga kwa kusema anakwenda kuona vijana wa siku hizi wanavyochimba. Kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia acha. Alileta ndoo, sabuni ya kipande, magadi na brashi zake mbili, ile ngumu na ile laini, akakunja gauni, akapiga magoti. Alisoma alipokuwa akisugua, maana macho hayana pazia. "Nisaidie nifaulu hesabu." "Nilikusoma gerezani." "Bado nampenda na hajui." Mengine yalikuwa beti ndefu zenye saini chini, na mawili matatu yalikuwa matusi, akayasugua hayo kwa nguvu zaidi. Mkaa ulitoka mara moja. Wino ule mnene ulimtoa jasho hadi Ijumaa mchana, akiulainisha kwa magadi, akisuuza, akirudia. Alipomwaga ndoo ya mwisho, jiwe likatokea. Jeupe. Jeupe kama maziwa, na mshipa mmoja wa buluu umepita kutoka kona hadi kona. Mama Brashi akakaa chini kwenye udongo, mgongo unamuuma, akatabasamu. Alijiona fundi.

Katibu alipita jioni kukagua. Alitembea njia yote akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika chini ya ule mti. Hapo akasimama. Mdomo ukafunguka, tai ikapanda na kushuka.

"Yako wapi?"

"Yapi, Katibu?"

"Maandishi! Maandishi ya watu! Umeyapeleka wapi?"

"Nimeyafuta," Mama Brashi alisema, na tabasamu lake lilikuwa bado halijapata habari.

Katibu akajishika kichwa. Maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Hivi hakujua kwamba watu wanasafiri kutoka pembe zote kuja kuandika pale? Kwamba waandishi wakubwa, wengine marehemu sasa, waliacha beti zao kwa mkono wao wenyewe juu ya jiwe lile? Kwamba watu wa makumbusho wanakuja kesho kuyapiga picha, kuyawekea kioo? Kwamba yeye, Katibu, amemwandikia binti wa marehemu kumwelezea jinsi jiwe la mama yake linavyoongea?

"Hakuna aliyeniambia," Mama Brashi alisema, taratibu sana.

"Kila mtu anajua!"

Mara ya pili anaambiwa maneno yaleyale. Katibu alijifuta jasho, akatazama pembeni. Hakuwa mkatili, alikuwa mtu aliyeogopa. "Kesho tutamwomba radhi mgeni. Sijui atasema nini. Akikasirika, Mama Brashi, mimi sitakuwa na la kufanya. Itabidi nitafute mtu mwingine. Na chumba... unaelewa, chumba kinakwenda na kazi."

Alielewa. Alirudi chumbani, akakaa kitandani, akampigia simu mdogo wake, akapokea wifi. Mama Brashi hakusema kilichotokea, aliuliza tu, kama mzaha, kama pale nyuma ya kochi bado pana nafasi.

"Eh, dada, pale tumeweka friji," wifi akasema. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wasalimie watoto."

Kijiko alirudi kutoka msibani magharibi ikiingia, akaliona jiwe, akapiga mluzi mrefu. Alikuja kumkuta mwenzake amekwishakunja nguo zake mbili tatu juu ya kitanda. Akamsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu.

"Sikiliza," akasema. "Mkaa tunao. Kalamu ninayo. Wewe uliyasoma yote, si ndiyo? Basi tuyarudishe! Wewe unakumbuka, mimi naandika. Nani atajua?"

Walikwenda kweli mpaka kwenye jiwe, na tochi ya Kijiko. Akapiga magoti na kipande cha mkaa. "Haya, anza. Yule wa hesabu alisemaje?"

Mama Brashi alifungua mdomo. Alikuwa anakumbuka, ndilo lililomuuma, aliyakumbuka karibu yote. Lakini aliutazama mkono wa Kijiko uliojaa mkaa juu ya weupe ule, akamfikiria yule wa gerezani, aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe, na sasa Kijiko amwandikie!

"Inuka," akasema. "Inuka, Kijiko. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa usafi, nisifukuzwe kwa uongo."

"Ukaidi wako utakulaza njiani."

"Liwalo na liwe."

Kijiko akainuka, akinung'unika, akijipangusa magoti. Usiku huo Mama Brashi hakuufunga mlango kwa ndani. Aliona haifai, chumba si chake tena.

Jumamosi mgeni akafika. Mama Brashi alitarajia mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa ya jua, kumbe ni bibi kizee, mkubwa kuliko yeye, mwembamba, mwenye fimbo, viatu vya raba na kikoti cha sufi. Upande mmoja alishikwa na Katibu, na upande wa pili walifuata watu wawili wa makumbusho, wamebeba kamera na miguu yake mitatu. Kijiko alijifanya anapalilia. Mama Brashi alisimama nyuma ya jiwe la nahodha, khanga ya kustaafu begani, mikono imeshikana kwa mbele kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Katibu alianza kuomba radhi kabla hawajafika. "Mama, kabla hujaona, naomba niseme, pametokea jambo la bahati mbaya sana, kanisa linasikitika..." Bibi alikuwa amekwishaona. Akaachia mkono wa Katibu, akasogea mwenyewe na fimbo yake hadi pale chini ya mti, akasimama. Watu wa makumbusho wakatazamana. Kijiko akasahau kupalilia.

"Nani amefanya hivi?" bibi akauliza, bila kugeuka.

Katibu akaanza kuangaza macho huku na huko. Mama Brashi hakumngoja. Alitoka nyuma ya nahodha, akasogea.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Sikujua. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Umetumia nini?"

Swali lile hakulitegemea. "Sabuni ya kipande, mama. Na magadi kidogo penye wino. Na brashi."

"Siku ngapi?"

"Jana na juzi."

Bibi akageuka, akamtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akanyoosha fimbo, akafuata kwa ncha yake ule mshipa wa buluu, polepole, kutoka kona hadi kona. "Jiwe hili nililichagua mimi. Walinionyesha mengi, mimi nikasema hili, kwa sababu ya mshipa huu. Miaka yote niliyokuja sikuuona tena. Nilidhani nimeota."

"Mama, yale maandishi," mmoja wa makumbusho alijaribu, "yalikuwa hazina ya..."

"Mwanangu, najua yalikuwa nini. Yalikuwa wageni." Akajishusha, Mama Brashi akamshika kiwiko haraka, bibi akaketi juu ya ukingo wa jiwe. "Nyumba yetu haikuwahi kukosa wageni. Nikirudi shuleni na jambo la kumwambia mama, naambiwa ngoja, mama anaongea na wageni. Nimeanguka, nimefaulu, nimepata mchumba: ngoja. Nikakua, nikaenda zangu mbali. Akafa. Nikasema, basi, sasa nitampata. Nikaja hapa, nikamkuta amezungukwa! Kila nikija, wanaongea naye, wanaongea, hata pa kuweka mkono hakuna. Nikaacha kuja." Akaweka kiganja chake juu ya marumaru, kikakaa. "Leo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu namkuta mama yangu peke yake."

Mama Brashi akalia. Hakujua kama analia kwa ajili ya bibi au kwa ajili ya chumba, na kwa kweli ilikuwa kwa vyote viwili, machozi hayana foleni. Kijiko naye alijifuta pua na mkono wenye udongo, akabaki na masharubu ya matope.

Bibi akamwinulia uso Katibu. "Naomba mtuache. Wote. Na huyu mama wa brashi anifungie lile geti, asiingie mtu mpaka nimwite. Nina mambo mengi ya kumwambia mama."

"Bila shaka, bila shaka," Katibu akasema, akirudi kinyumenyume, akajikwaa kwa mke wa pili wa nahodha.

Wakatoka. Mama Brashi akafunga geti, akasimama mbele yake. Hakuwahi kusimama wima vile tangu aanze kazi. Kwenye kona likaja kundi la wanafunzi, na mbele yao yule mrefu mwenye miwani, kalamu yake mfukoni, akamwona, akasita.

"Shikamoo, bibi. Leo pamefungwa?"

"Marahaba. Pamefungwa, wanangu. Mama anaongea na mwanawe. Ngojeni."

Wakangoja, wamekaa kwenye ukingo wa barabara. Jua lilipanda. Watu wa makumbusho walihamisha kamera kutoka bega hadi bega, na Katibu alilegeza tai kwa mara ya kwanza mbele za watu. Alimtazama Mama Brashi, akautazama ule mlango mdogo pembeni ya geti, akakohoa.

"Mama Brashi, jua limekuwa kali. Tunaweza kungojea kwako?"

Kwako! Mama Brashi alilisikia neno likishuka mpaka tumboni, likatulia huko. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akafungua mlango, akasimama kando.

"Karibuni ndani," akasema. "Ila viatu viacheni nje."